Mali Bila Daftari

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilikuwa Kimbiji. Chini ya mwembe, mzee mmoja alinisimulia habari za marehemu baba yake, askari wa Keya aliyepelekwa Burma kupigana na Wajapani. Baba huyo aliapa kuwa misitu ya huko ina majini wakali kuliko wa bahari yetu.

Safari yenyewe ni ya kweli. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakiwamo vijana wa Tanganyika, ilipita bonde la Kabaw katika mvua na matope, ikaingia Kalewa mwezi Desemba.

Japani nao walikuwa na askari wao, Shigeru Mizuki. Alipoteza mkono wa kushoto vitani, kisiwa cha New Britain. Aliporudi kwao akawa mchoraji wa katuni. Alichora mazimwi aliyosimuliwa utotoni na bibi kizee mmoja, na mwaka 1973 akatoa kitabu cha vita aliyoiona mwenyewe. Alifariki mwaka 2015, lakini wajukuu wa Japani wanamsoma.

Sisi je? Shaaban Robert aliitungia vita hiyo utenzi. Wachoraji hodari wa katuni tunao tele hapa Dar es Salaam. Lakini askari wa Kimbiji hana kitabu, wala picha ukutani.

Nilimwuliza mzee: nani mwingine anaijua habari hii? Akanijibu: "Mimi, na sasa wewe."

Mali bila daftari, ndugu msikilizaji, hupotea bila habari.