Mshale wa Samaki: Chembe, Wano na Kamba

Mtu aingiapo soko la Kariakoo, Dar es Salaam, hukuta samaki wamepangwa mezani, nasi kwa desturi hatuulizi ila bei. Leo twataka kuuliza jambo jingine: samaki huyu alikamatwa kwa chombo gani? Wako wa wavu, wako wa dema, wako wa mshipi. Tutawasimulieni juu ya chombo kilichotangulia vingi vya hivyo, yaani mshale wa samaki pamoja na nduguye, chusa.

Asili yake ni ya mbali sana. Mwaka 1950 mtaalamu Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba Ishango, mahali mto Semliki utokapo katika ziwa Edward, mashariki ya Kongo. Alipata vyembe vya mfupa vyenye meno, vilivyokadiriwa baadaye kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi. Mwaka 1995 wachimbuzi wengine walitangaza vyembe vya Katanda, katika bonde la mto ule ule, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Hivyo walivikadiria kuwa na miaka 90,000; wako wataalamu wanaobisha hesabu hiyo, lakini hakuna abishaye kazi ya meno yale.

Meno yale hutufundisha kanuni ya kwanza. Mshale wa vita husifiwa kwa kuingia. Mshale wa samaki husifiwa kwa kutotoka. Samaki ni mtelezi, na akichomwa hupigapiga kwa nguvu zake zote. Kwa hiyo meno ya chembe huelekezwa nyuma, yamzuie asichomoke.

Kanuni ya pili ni ya wano, yaani mti wa mshale. Wano jepesi likigonga maji hupotoka na kupoteza nguvu. Hapana budi liwe zito, limenyoka, wala lisipasuke kwa kulowa. Manyoya hayana faida kubwa, kwani shabaha yenyewe ni ya hatua chache tu, nayo yakilowa humzuia mshale kupita majini.

Kanuni ya tatu ni ya kamba. Mshale usio na kamba, samaki huondoka nao. Kamba ikunjwe vizuri, ikimbie bila kukwama, wala isinaswe na upote wa upinde. Katika chusa kilichotengenezwa kwa akili, kamba hufungwa kwenye chembe chenyewe, na wano huachia mara samaki achomwapo. Hapo samaki hana mti mrefu wa kujipigia hata akajinasua.

Hata vyote vikiwa tayari, macho hudanganya. Nuru itokapo majini hupinda, na samaki huonekana juu kuliko alipo. Maji ya kina cha futi 4, yakitazamwa wima, huonekana kama futi 3. Basi mpigaji alengapo kwa mshazari hulenga chini ya samaki amwonaye. Elimu hii wavuvi waliijua kwa mkono kabla hatujaifundisha shuleni kwa ubao na chaki.

Pwani yetu nayo ina ushahidi wake. Kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza, chataja mikuki iliyotengenezwa Muza, katika Arabuni, ikaletwa Rhapta, bandari ambayo wengi huiweka katika pwani ya Tanzania. Hakisemi kama mikuki ile ilichoma samaki. Lakini juu ya kisiwa cha Menouthias chasema watu walikuwa na mitumbwi ya kuvulia, nao waliziba milango ya maji kwa vikapu, wakanasa kasa.

Basi kwa nini mshale ulishindwa? Mzizima kilikuwa kijiji cha wavuvi kabla Sultani Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Wajerumani waliufanya mji mkuu wao mwaka 1891. Baada ya Waingereza kuutwaa mwaka 1916, kambi ya wapagazi wa vita, Carrier Corps, iliacha jina lake Kariakoo. Mji ukakua. Mshale hukamata samaki mmoja kwa mara moja. Waweza kulisha nyumba, hauwezi kulisha mji. Wavu waweza.

Hilo si kosa la mtu. Kosa lilikuja na baruti. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 iliikataza, na bado wako walioendelea kuitupa baharini. Mwenye mshale huchagua samaki mmoja, akawaacha wadogo wakue. Baruti haichagui: huua mkubwa na mchanga, ikavunja na matumbawe ambamo wangezaliana. Nyumba ile huchukua miaka mingi kujengwa tena.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, mwendapo sokoni mtazameni samaki vema. Wa chusa ana jeraha moja. Wa baruti mara nyingi huwa na mifupa iliyovunjika, na damu imevilia ndani ingawa ngozi ni nzima. Huyo msimnunue, hata akiwa rahisi, maana bei yake iliyobaki watalipa watoto wetu. Nanyi wanafunzi, waulizeni wazee wa pwani maana ya chembe, wano na upote, mkayaandike. Chombo chaweza kuachwa kwa haki. Hekima ya kuchagua isiachwe pamoja nacho.