Gitaa la Bunkeya na Njia ya Wapagazi Wetu

Ndugu wana-Igunga, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Kila mwaka katika kijarida hiki tunaandika habari za mtu wa kwetu aliyefika mbali. Safari hii tumemchagua mtu ambaye hakuzaliwa Igunga wala Tabora, na tunajua wapo watakaohoji. Ni Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa kavu wa Kongo, aliyezaliwa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930.

Jina lake la baadaye linajieleza: Mwenda wa Bayeke. Wayeke ni uzao wa wafanyabiashara na wawindaji wa tembo waliotoka pande zetu. Katikati ya karne ya 19, wakati Tabora ilipokuwa njia panda ya misafara ya pembe za ndovu, Ngelengwa, kijana wa Kisumbwa, alifuata njia ya shaba ya baba yake hadi Katanga. Hakurudi. Alijenga dola la Garenganze, makao yake makuu yakiwa Bunkeya, na dunia ikamjua kwa jina la Msiri. Aliuawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Usumbwa uko magharibi ya kwetu, kwa hiyo tusijigambe kupita kiasi. Lakini Wasumbwa na Wanyamwezi ni ndugu, na njia ya wapagazi ilikuwa moja.

Huyo mtoto wa Bunkeya alikulia katika ulimwengu mwingine, ulimwengu wa migodi, reli na miji. Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alimkuta na gitaa lake. Miongoni mwa nyimbo alizorekodi ni "Masanga". Sahani zake zilitolewa na kampuni ya Gallotone ya Afrika Kusini. Wazee wetu wanaoita gitaa kavu "galatoni" wanalitamka jina hilohilo, maana Gallotone ilikuwa pia chapa ya magitaa.

Ufundi wake unastahili kuelezwa. Alitumia kidole gumba na cha shahada tu. Gumba lilishika nyuzi nene na kutembea kwa mwendo wake, huku cha shahada kikichokonoa sauti za juu kwa mwendo mwingine. Asiyemwona angeapa kuwa wapigaji ni wawili. Wasomi wa muziki waliandika mapigo yake kwa noti, moja baada ya jingine, kama yanavyoandikwa magitaa ya kizungu yanayofundishwa katika vyuo. Aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, ndiyo maana alieleweka huku. Alifika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, na wapiga gitaa wengi wa Kenya waliiga vidole vyake. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari.

Tabora nayo haikulala. Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zilitikisa nchi nzima kwa magitaa ya umeme, na kanda zao zilipigwa redioni hadi vijijini kwetu. Wapiga gitaa kavu wa vilabuni na harusini, wa Ziba, Nkinga, Choma na Simbo, hawakupata Tracey wa kuwakuta. Waliobaki ni wazee sasa. Kila msiba tunaohudhuria huenda unazika nyimbo ambazo hazijarekodiwa popote, na hilo ndilo lililotufanya tumwandike Mwenda. Yeye alikutwa barabarani na mtu mwenye kinasa sauti, wetu wakapitwa.

Ndiyo maana fomu ya mchango ya mwaka huu ina mstari mpya: kinasa sauti kimoja na magitaa kwa ajili ya vijana wa shule zetu, ambao watatumwa kwa wazee wakati wa likizo kurekodi nyimbo za safari, za kulima na za harusi. Anayemfahamu mzee mpiga gitaa au zeze katika kata yake amtaje kwa mjumbe wake kabla ya mvua kuanza, kwa kuwa barabara za Wembere mnazijua. Na mwenye galatoni lililolala uvunguni alilete hata kama nyuzi zimekatika.