Tangawizi (kemikali na nguvu dhidi ya vijidudu)

Tangawizi ni tunguu la mtangawizi (Zingiber officinale), mmea wa jamii moja na manjano na iliki, wenye asili ya Asia. Jina lake la kisayansi lilitolewa na Mwingereza William Roscoe mwaka 1807. Hupandwa kwa vipande vya tunguu, si kwa mbegu.

Kemikali

Ukali wa tangawizi mbichi hutokana na jinjeroli, hasa 6-jinjeroli. Tunguu likianikwa, jinjeroli hupoteza maji na kuwa shogaoli, kali zaidi. Ndiyo maana unga wake hukereketa koo. Ikipikwa, sehemu ya jinjeroli hugeuka zinjeroni, iliyo pole na yenye harufu tamu. Harufu ya tangawizi kwa jumla hutoka kwenye mafuta tete, takriban asilimia 1 hadi 3 ya tangawizi kavu. Humo mna zinjibereni, bisaboleni, kamfeni na sitrali, ileile inayonukia kwenye mchaichai.

Nguvu dhidi ya vijidudu

Kipimo cha kawaida ni sahani ya agari, yaani rojo la kukuzia vijidudu, iliyopandwa bakteria. Kikaratasi cha mviringo kilichochovywa dondoo la tangawizi huwekwa juu yake, sahani ikalazwa usiku kucha kwenye nyuzi 37. Asubuhi hupimwa upana wa duara tupu kuzunguka karatasi, mahali bakteria waliposhindwa kuota. Duara hilo hupatikana kwa Staphylococcus aureus na kwa fangasi Candida albicans. Kwa Escherichia coli mara nyingi huwa dogo au halipo, kwa kuwa bakteria huyo ana utando wa nje unaozuia kemikali hizi kupenya. Dondoo la alkoholi hushinda la maji, kwani jinjeroli haiyeyuki vizuri majini. Mwaka 2008 watafiti wa Korea Kusini walionyesha kuwa 10-jinjeroli na 12-jinjeroli huzuia bakteria wa magonjwa ya fizi.

Matokeo haya ya kuvutia ni ya maabara. Jinjeroli ikimezwa hubadilishwa upesi mwilini, na inayobaki huru katika damu ni kidogo mno. Chai ya tangawizi, pamoja na sifa zote inazopewa na wauza dawa za asili, haichukui nafasi ya antibiotiki.

Magonjwa ya mmea

Mtangawizi wenyewe hushambuliwa na mnyauko wa bakteria Ralstonia solanacearum.

Kilimo

India huongoza duniani kwa kilimo cha tangawizi. Nchini Tanzania hulimwa sana wilayani Same, mkoani Kilimanjaro. Tangawizi isiyokaushwa vizuri huota ukungu ghalani.