Shati la maua na heshima ya mwanaume: habari ya mavazi huku Manguredjipa

Siku ya Mungu, Misa ikiisha, wanaume wa Manguredjipa husimama mbele ya kanisa na kuzungumza. Kijana anatoka machimboni amevaa shati lenye maua mekundu na majani ya njano. Wazee wanamtazama, kiisha mmoja anasema: «Mwanaume mzima havai maua. Maua ni ya wamama.» Kijana anacheka na kupita. Neno hili tumelisikia mara nyingi, nasi tulilihesabu kama mchezo tu.

Lakini siku moja halikuwa mchezo. Baba mmoja alikataa kuwapokea wajumbe wa posa kwa sababu ya mavazi ya mchumba. Alituambia: «Padri, zahabu yote ya kijana huyu iko mgongoni mwake. Binti yangu atakula nini?» Kijana naye alikuja kwetu, macho yamejaa machozi ya hasira. Walitaka tuwaamue. Tukaona kwamba haifai kuamua watu juu ya shati bila kujua shati lenyewe limetoka wapi. Ndiyo sababu ya kuandika habari hii.

1. Zamani za gome

Wazee wanasema: «Babu zetu hawakujipamba.» Je, ni kweli?

Manguredjipa iko katika sekta ya Bapere, teritwari ya Lubero, pale milima ya Banande inapoteremka na kuingia msituni. Kabla ya pamba kufika, watu wa pande hizi walivaa ngozi za nyama na nguo za magome ya miti. Kazi ya gome ni kazi ya uvumilivu: kubandua gome, kulilowesha, kulipiga kwa nyundo ya mti au ya pembe ya tembo mpaka lipanuke na kuwa laini. Kwa jirani zetu Wambuti wa Ituri, wanaume ndio waliopiga gome, na wanawake ndio waliolichora. Wino wao ulikuwa maji ya tunda la gardenia, yaliyochanganywa na makaa. Walichora mistari, nukta, na nyavu kama za kuwindia, na hakuna gome lililofanana na lingine. Nguo hizi zenye michoro walizivaa wanaume kama wanawake. Leo zimewekwa katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, na watu hulipa feza ili kuzitazama.

Basi, mwanaume kuvaa nguo iliyopambwa si jambo lililozuka jana machimboni. Lilikuwako msituni mbele ya shati la kwanza.

2. Merikani na kanzu

Pamba ilifika kwetu kwa njia ya mashariki. Tangu miaka ya 1830 meli za Salem, mji wa Marekani, zilileta Unguja nguo nyeupe ngumu, ambayo watu waliiita «merikani». Pamoja nayo ilitembea kaniki, nguo ya rangi nyeusi ya buluu. Nguo hizi zilikuwa feza ya safari: kwa mikono ya merikani watu walilipa wapagazi, walinunua chakula na pembe, na hata watu. Tusisahau neno hili la mwisho. Waungwana wa Tippu Tip walipopenya msitu kutoka Nyangwe na Kasongo, walileta kanzu, kofia, lugha hii ya Kiswahili tunayoiandika, na mnyororo. Stanley aliwakuta watu wa Kilonga-Longa huko Ipoto, katika msitu wa Ituri, mwaka 1887.

Kutokea hapo mavazi yakaanza kusema neno jipya. Aliyevaa kanzu nyeupe alikuwa mwungwana, naye aliyevaa gome akaitwa mshenzi. Kumbe, dharau ya kumpima mtu kwa nguo yake haikutoka kwa babu zetu. Ilikuja na misafara.

3. Shati jeupe la karani

Kampuni ya Minière des Grands Lacs iliundwa mwaka 1923, na zahabu ya pande zetu ikachimbwa chini yake. Ndipo watu wa Manguredjipa walipojifunza ngazi za mavazi ya kizungu. Mchimbaji alikuwa na kaputula na singileti, au kifua wazi. Kapita alikuwa na kofia. Karani alikuwa na shati jeupe, suruali yenye mkunjo, soksi na viatu. Misioni nayo, tangu Mapadri Waasumptionisti walipofika inchi ya Beni mwaka 1929, ilileta masomo, na katika masomo watoto walifundishwa usafi wa mwili na wa nguo. Padri mwenyewe alivaa kanzu nyeupe.

Nyuma ya vita ya pili, Bula Matari alitengeneza ngazi hizi kwa sheria. Mwaka 1948 ilitolewa karata ya mastahili ya raia, na mwaka 1952 ikaja sheria ya kuandikisha wale walioitwa «évolués», maana yake watu waliokwisha kuendelea. Aliyeomba alitembelewa nyumbani. Walitazama vitabu vyake, meza yake, sahani zake, hata namna ya kuishi na mke wake. Mtu huyu angethubutu kuvaa shati la maua siku ya kutembelewa? Hapana. Alivaa jeupe na karavati nyeusi, akasimama wima kama mtoto wa masomo mbele ya mwalimu.

Ni hapo, tunafikiri, ndipo ilipozaliwa ile sauti ya wazee wetu wa leo. Wanapodai kwamba mwanaume wa heshima huvaa nyeupe, kahawia au nyeusi tu, hawasemi neno la mababu. Wanasema neno la ofisi.

Tena kuna jambo moja lisilotajwa. Weupe wa shati la karani haukujifanya wenyewe. Ulitaka sabuni, maji safi, pasi ya makaa, na mikono ya mke aliyefua kila jioni. Ulitaka pia mtu asiyeshika udongo. Mchimbaji anayesimama ndani ya maji mekundu kutoka asubuhi hata jioni, shati jeupe lingekufa mwilini mwake mbele ya Siku ya Mungu ya pili. Shati la rangi nyingi huficha doa na huvumilia mto. Kabla ya kusema kwamba kijana anapenda fahari, tuulize kwanza anafua wapi.

4. Abacost

Uhuru ulipatikana tarehe 30 juni 1960, na wakubwa wetu siku ile walivaa kama Ulaya: Patrice Lumumba alisoma hotuba yake akiwa na suti na tai ya kipepeo. Miaka kumi na miwili baadaye, suti ileile ikawa kosa. Rais Mobutu aliita inchi Zaïre tarehe 27 oktoba 1971. Mwaka 1972 majina ya Kikristu yalikatazwa, na Kardinali Malula, aliyepinga, alikwenda kukaa Roma. Katika siku zile karavati ilikatazwa pia. Mahali pake palikuja abacost, maana yake «à bas le costume», suti ianguke: koti lisilo na karavati, lenye kola iliyofanana na ile ya Wachina, na kitambaa shingoni.

Wazee wanatusimulia kwamba mtu hakuthubutu kwenda ofisini na karavati. Walisema ni kurudia asili. Lakini ni asili gani? Babu yupi wa Bapere au wa Banande alivaa koti lile? Tena abacost nzuri kuliko zote, zile za wakubwa, zilishonwa na nyumba ya Arzoni, huko Zellik, karibu na Bruxelles! Asili ilinunuliwa Ubelgiji, na maskini alishonewa ya kitambaa chepesi.

Tusidhani ni kwetu peke yetu. Huko Tanzania, vijana wa chama cha TANU walitangaza «Operesheni Vijana», iliyoanza tarehe 1 januari 1969, ikakataza nguo fupi za wasichana na suruali za kubana za vijana. Kila serikali changa ilitaka kuonyesha nguvu zake juu ya miili ya watu wake.

Kwetu mambo yaligeuka tarehe 24 aprili 1990. Siku ile Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na karavati ikapata ruhusa tena.

5. Zahabu na shati la maua

Mwaka 1982 sheria ya kuchimba zahabu na kuiuza ililegezwa. Vijana wengi wakashuka machimboni. Wafanya biashara wa Butembo, hodari wa safari, wakaenda Dubai, Hong Kong, Jakarta, na baadaye Guangzhou, wakirudi na vitambaa na nguo zilizoshonwa. Pamoja nazo zikaja marobota ya nguo kuukuu kutoka Ulaya na Marekani. Ndani ya marobota hayo ndimo shati la maua lilimosafiri.

Nalo lina habari yake. Lilizaliwa Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, miaka ya 1930, pale mafundi wa Kijapani na wa Kichina walipolishona kwa vitambaa vya kimono. Mwaka 1951 Rais Truman wa Marekani alionekana amelivaa kwenye jalada la gazeti Life. Kitenge nacho si cha kwetu kwa kuzaliwa: ni Waholanzi wa Helmond, kampuni Vlisco ya mwaka 1846, walioiga batiki ya Java. Mandela alipokuwa Rais wa Afrika Kusini tangu 1994, alipokea wafalme akiwa na shati la michoro, wala hakuna aliyesema amevaa nguo ya wamama.

Lakini historia inataka ukweli wote. Kutoka Kinshasa na Brazzaville ilikuja pia Sape. Papa Wemba, aliyeunda Viva la Musica mwaka 1977, aliwafundisha vijana majina ya washoni wa Paris na Tokyo. Stervos Niarcos, aliyekufa mwaka 1995, aliita mapenzi hayo «dini ya Kitendi», dini ya nguo. Hapa mzee wa Manguredjipa hana kosa kuogopa. Tumeona mchimbaji aliyeuza zahabu ya mwezi mzima kwa viatu vya siku moja, na mtoto wake akafukuzwa masomoni kwa kukosa minerval.

6. Neno letu

Mtakatifu Fransisko wa Sales, katika kitabu alichokitoa mwaka 1609 kwa ajili ya wakristu wanaoishi duniani, aliandika sura nzima juu ya mavazi. Hakusifu uchafu wala uzembe. Alitaka mkristu avae vizuri kadiri ya hali yake, bila majivuno. Maneno hayo yanatosha.

Kwa baba yule tulisema: «Mzee, rangi si zambi. Uliza kijana kama ana shamba, kama anamsaidia mama yake, kama ana deni.» Kwa kijana tulisema: «Shati si kosa. Lakini baba ameuliza swali la chakula, nawe umemjibu kwa hasira. Mjibu kwa hesabu.» Alirudi nyuma ya juma mbili na daftari dogo. Deni lilikuwako, na lilikuwa la shati na viatu. Posa ilingoja mpaka lilipwe.

Tangu 2024 mashambulizi ya ADF yamefika katika Bapere, na watu wengi walikimbia na nguo moja mwilini. Tuligawa nguo za robota. Mzee mmoja kati ya wale wa mbele ya kanisa alipewa shati la maua ya buluu, sababu hapakuwa na lingine la kimo chake. Alilishika kwa muda mrefu bila kusema. Siku ya Mungu tulimwona amelivaa, limefuliwa, limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, kama karani wa zamani.