Kikombe cha Glukosi na Namba za Boston

Novemba 1823 hospitali moja ya Berlin ilimpokea mwanamke wa miaka 22 mwenye mimba ya tano na kiu isiyokatika hata anywe kiasi gani. Heinrich Bennewitz, aliyekuwa akiandaa tasnifu yake ya udaktari, aliuchunguza mkojo wake na kukuta sukari. Mwishoni mwa Desemba mama alijifungua mtoto mfu mwenye uzito wa ratili 12, yaani zaidi ya kilo tano. Baada ya hapo kiu ikaisha, na sukari nayo ikatoweka. Katika tasnifu ya 1824 Bennewitz aliandika kwamba kisukari kile kilikuwa dalili ya mimba yenyewe. Wakati huo hakuna aliyejua kongosho linahusikaje na ugonjwa huo, lakini mambo matatu aliyoyaona, yaani sukari, mtoto mkubwa kupita kiasi na kupona baada ya uzazi, ndiyo mkunga wa leo anayoyatafuta.

Kwa karne nzima iliyofuata habari zilikuwa za misiba. J. Matthews Duncan aliwasomea wakunga na madaktari wa London mwaka 1882 taarifa ya mimba 22 za wanawake wenye kisukari: baadhi ya mama walikufa, watoto wengi zaidi. Insulini ilipoanza kutumiwa Toronto mwaka 1922, mama walianza kunusurika. Watoto waliendelea kufa, na Priscilla White wa kliniki ya Joslin mjini Boston alitumia takriban nusu karne kuipunguza idadi hiyo.

Wagonjwa wa White, hata hivyo, walikuwa wakijulikana tangu mwanzo kwamba wana kisukari. Mgonjwa wa aina ya yule mama wa Berlin, ambaye sukari yake hupanda mimba inapokua na kushuka baadaye, alipita bila kuonekana, kwa sababu kipimo cha kawaida kilikuwa cha mkojo. Mpimaji alidondosha matone manane ya mkojo katika mililita tano za dawa ya Benedict, ile ile ya buluu ambayo wanafunzi wa sekondari wa Tanzania na Kenya huitumia kwenye maabara ya baiolojia, akachemsha na kusubiri rangi: kijani, njano, chungwa, na mwisho wekundu wa tofali. Kwa mjamzito rangi hiyo ilidanganya. Figo zake huvujisha glukosi hata kama damu iko sawa, na karibu na kujifungua sukari ya maziwa huingia kwenye mkojo, na Benedict haizitofautishi.

Ilibidi damu ipimwe. Katika hospitali ya jiji la Boston, miaka ya 1950, wajawazito walianza kunyweshwa glukosi na kuchomwa sindano kila baada ya muda. John O'Sullivan na mtakwimu Claire Mahan walikusanya majibu ya wanawake 752: damu kabla ya kunywa gramu 100, kisha baada ya saa moja, mbili na tatu. Walitafuta wastani wa kila saa, wakapanda hatua mbili za kitakwimu juu yake, wakapata 90, 165, 143 na 127, kwa miligramu katika desilita ya damu. Namba mbili za mwisho zilikuwa ngumu kidogo kukumbukwa, kwa hiyo mwaka 1964 zilichapishwa zikiwa zimesawazishwa kuwa 145 na 125. Aliyevuka mbili kati ya hizo nne alihesabiwa kuwa na kisukari cha mimba. Moja peke yake ingeweza kuwa kosa la maabara.

Swali la O'Sullivan lilikuwa hili: mama yupi atapata kisukari cha kudumu miaka ijayo? Hakuuliza lolote kuhusu uzito wa mtoto. Yeye na Mahan walichukua kundi jingine la wanawake zaidi ya 1,000 waliofuatiliwa kwa muda wa hadi miaka minane, na namba zao zikatoa jibu la kuridhisha. Kliniki za uzazi zilizichukua namba hizo kwa kazi nyingine kabisa, ya kumlinda mtoto, bila mtu kuhakikisha kama zinaifaa.

Kisha maabara zikaacha kupima damu nzima na kupima plazima, ambayo sukari yake husoma juu zaidi. Wataalamu wa Marekani walibadilisha hesabu mwaka 1979, Carpenter na Coustan wakaibadilisha tena mwaka 1982, na mama aliyeamka na sukari ya 100 akawa mzima kwa hesabu ya kwanza, juu ya kikomo kwa ya pili.

Suala la mtoto lilishughulikiwa hasa na utafiti wa HAPO, uliochapishwa mwaka 2008: wanawake 25,505, vituo 15, nchi tisa, gramu 75 za glukosi kila mmoja. Kadiri sukari ya mama ilivyopanda, ndivyo watoto wakubwa walivyoongezeka, bila mahali ambapo hatari ilianza ghafla. Kikomo ilibidi kikubaliwe mezani. Vikapatikana, kwa milimoli katika lita, 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja na 8.5 baada ya mbili, ambavyo Shirika la Afya Duniani liliviidhinisha mwaka 2013. Kati ya nchi hizo tisa hakuna hata moja ya Afrika.

Tanzania ilikuwa na kumbukumbu zake. Mwaka 1991 Swai na wenzake waliripoti kwamba katika wajawazito wa vijijini hawakuona uwezo wa mwili kuhimili sukari ukidhoofika. Akwilina Mwanri na wenzake walipopima wanawake 910 kwa vigezo vya wakati huo, wakachapisha mwaka 2014, walikuta asilimia 8.4 mjini Dar es Salaam na asilimia 1 vijijini Morogoro. Magharibi mwa Kenya watafiti walijaribu njia ya mkato, tone la damu ya kidole badala ya kungoja saa mbili na tumbo lenye glukosi. Matokeo ya 2017 yalionyesha kuwa halikuaminika.

Kwa hiyo mjamzito bado hufika asubuhi bila kula, hunywa kile kikombe kitamu cha kutia kichefuchefu, huketi kwenye benchi na kungoja. Wengi wanaokutwa na tatizo hulidhibiti kwa kupanga mlo na kutembea; wengine huhitaji insulini. Wiki sita hadi kumi na mbili baada ya kujifungua wanatakiwa kupimwa upya, ili kujibu lile swali la O'Sullivan la 1964. Hapo ndipo wengi hupotea. Mtoto huletwa kliniki kwa mizani na chanjo, kadi yake hujazwa, na mama aliyembeba hurudi nyumbani bila kuchomwa sindano.