Rangi ya samaki haingoji: kazi ya kuchora samaki wa maji baridi

JUA linapotua mtaani Umoja, Nairobi, wauzaji huwasha moto kando ya barabara na kutumbukiza ngege katika mafuta. Aghalabu samaki huyo amepitia soko la Gikomba akiwa ndani ya barafu. Anayemnunua ili amchore huwa amechelewa, kwani umbo lipo lakini rangi imekwenda.

Hapo ndipo ulipo umuhimu wa picha za rangi za maji. Makumbusho huhifadhi samaki kwa formalini, kisha katika chupa ya alkoholi. Miiba, meno na magamba hudumu kwa miaka mingi, ila rangi hufifia, na aliyekuwa mwekundu hubaki kahawia.

Kwa fulu wa Ziwa Victoria, ambao Watanzania huwaita furu, hasara hiyo ni kubwa. Walikuwa mamia ya spishi, nyingi zikifanana umbo hivi kwamba rangi ya dume ndiyo huzitenganisha. Jike naye huchagua kwa rangi hiyo hiyo. Mwaka wa 1997, Ole Seehausen na wenzake walieleza kwamba maji yakitibuka majike hushindwa kutofautisha madume, na spishi huchanganyika. Mbuta, aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na kuongezeka mno katika miaka ya 1980, alikuwa tayari amechangia kutoweka kwa spishi zinazokadiriwa kufikia 200. Baadhi zilipotea kabla ya kupewa jina la kisayansi, sembuse kuchorwa.

Kazi yenyewe huanza kwa hesabu, wala si kwa brashi. Samaki hulazwa kichwa kikielekea kushoto, kama ilivyo desturi, akapimwa kwa bikari. Huhesabiwa miiba ya pezi la mgongoni na magamba ya mstari wa ubavuni. Sato ana mistari wima mkiani. Dume la fulu lina madoa ya manjano kwenye pezi la nyuma ya tumbo, mfano wa mayai. Anayekosea hesabu hizi amechora samaki asiyekuwapo duniani, hata picha ipendeze vipi.

Kisha rangi hupakwa tabaka jembamba juu ya jingine, kila moja likisubiriwa likauke. Mng'ao wa gamba haupakwi. Ni karatasi nyeupe iliyoachwa wazi. Ndiyo maana kosa halifutiki kwa urahisi.

Joy Adamson, ambaye wengi humkumbuka kwa simba Elsa, alichora mimea na watu wa Kenya kwa rangi za maji, na pia samaki wa pwani. Lakini hao walikuwa wa baharini.

Ngege wa asili, Oreochromis esculentus, aliyeelezwa kisayansi na Michael Graham mwaka wa 1928, amekuwa adimu mno katika Ziwa Victoria. Kimbilio lake mojawapo ni Ziwa Kanyaboli, kaunti ya Siaya. Mchoraji wa Umoja anayemtaka hana budi kusafiri hadi huko, achanganye rangi zake mapema, na aketi ufuoni kabla nyavu hazijavutwa. Hata ndani ya karai la maji, samaki aliyeshtuka huanza kupauka.