Dawa Iliyompendeza Tabibu

Leo twataka kutazama habari za tabibu mmoja wa zamani, John Brown wa Scotland, kwa maana kosa lake li karibu nasi.

Brown alizaliwa mwaka 1735, mwana wa kibarua. Aliwekwa kwa mfumaji wa nguo ajifunze kazi, lakini akili yake ilikuwa kali, akasomeshwa Kilatini, akatazamiwa kuwa mchungaji. Baadaye akageukia utabibu mjini Edinburgh. Profesa William Cullen akampokea awafundishe watoto wake, hata walipokosana.

Ndipo ugonjwa wa jongo ukamshika. Akashauriwa kuacha nyama na divai. Akatii mwaka mzima, na katika mwaka huo maumivu yakamrudia mara nne. Akarudia kula na kunywa, akaongeza kasumba, akaona nafuu. Kutokana na hayo akatunga fundisho, akaliandika kwa Kilatini katika kitabu cha mwaka 1780. Alisema kwamba uhai wote ni kuamshwa. Joto, chakula, hata mawazo, huuamsha mwili. Ukiamshwa kupita kiasi, waugua; usipoamshwa vya kutosha, waugua pia. Mwanafunzi wake mmoja akachora kipimo chenye daraja 80, na afya ikawekwa katikati, kwenye 40. Na kwa kuwa Brown aliona magonjwa mengi yatoka katika unyonge, dawa zake zilikuwa mchuzi wa nyama, divai, pombe kali na kasumba.

Tusimcheke upesi. Siku zile waganga waliwatoa wagonjwa damu na kuwanyima chakula, hata waliokwisha kudhoofika. Brown aliona kwamba mnyonge hatibiwi kwa kuzidishiwa unyonge. Hapo alisema kweli, na wengi wakamfuata. Huko Göttingen, Ujerumani, wanafunzi walifanya ghasia mwaka 1802 kwa kugombania mafundisho yake.

Lakini kweli moja si kweli yote. Leo twajua ya kuwa malaria ina chanzo chake na kifua kikuu kina chake. Haviwezi kupimwa kwa mizani moja. Naye Brown mwenyewe? Husimuliwa kwamba alifundisha huku chupa ya pombe na ya kasumba ziko mezani, akinywa. Alifungwa kwa ajili ya madeni. Akahamia London mwaka 1786, na mwaka 1788 akafa. Mwaka 1795 kitabu chake kilichapwa tena ili kuisaidia jamaa yake aliyoiacha.

Ndugu zangu, Brown hakusema uongo. Nafuu aliipata kweli. Lakini nafuu ni shahidi mmoja tu, na shahidi huyo alikuwa rafiki yake. Sisi nasi huanza na kile tukipendacho, kisha twatafuta fundisho la kukitetea. Twasema glasi hii yatuliza mikono, yaleta usingizi. Tena twamtaja Paulo na Timotheo, tukisahau kwamba shauri lile lilikuwa la divai kidogo, kwa ajili ya tumbo.

Basi kabla hatujakiita kitu dawa, tusijiulize wenyewe tu. Tuwaulize wale tunaoishi nao kama kweli twapona. Watoto wetu wajua. Bwana atupe moyo wa kusikia jibu lao. Amina.